Juni 30 inabisha hodi na hujawasilisha ritani? Haya ndiyo ya kufanya

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Kuanzia Januari 1, Wakenya hupewa miezi sita kuwasilisha ritani za mapato ya mwaka uliopita kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Halafu wengi hungoja wiki ya mwisho ya Juni. Mtandao wa iTax unakuwa mzito, saiba zinajaa, na aliyesahau nywila yake anaanza kutokwa jasho.

Kama wewe ni mmoja wao, bado hujachelewa. Lakini kuna mambo ya kujua kabla hujagusa simu.

Nani anafaa kuwasilisha?

Ajira si kigezo. Ukiwa na PIN ya KRA iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato, unatakiwa kuwasilisha. Mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa HELB yumo. Aliyeachishwa kazi yumo. Mwajiriwa anayekatwa PAYE kila mwezi yumo pia, kwa sababu kukatwa ushuru ni jambo moja na kutangaza mapato ni jambo lingine.

Je, unaweza kuomba muda zaidi?

Ndiyo, sheria inaruhusu. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa mlipa ushuru nafasi ya kumwandikia Kamishna akiomba aongezewe muda, mradi awe na sababu ya maana.

Tatizo ni kwamba kwa ritani ya mwaka, ombi hilo linafaa kufika mwezi mmoja kabla ya makataa. Kwa hiyo anayekumbuka kuomba Juni 25 tayari amechelewa kuomba. Kuongezewa muda wa kuwasilisha pia hakusogezi tarehe ya kulipa. Kama una deni, linaendelea kuhesabiwa.

Na hapa ndipo wengi hushikwa. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Kwa mtu ambaye mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba, salio la ushuru wa mapato lilifaa kulipwa kufikia Aprili 30.

Ukichelewa unalipa ngapi?

Kwa mtu binafsi, faini ya kuchelewesha ritani ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa. Ukichelewa kulipa ushuru wenyewe, unaongezewa faini ya asilimia 5 ya deni, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Chukua mfano wa mwalimu anayefundisha shule moja asubuhi na chuo kingine jioni, na waajiri wote wawili wakampa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi. Sheria inampa nafuu moja tu. Kwa mwaka mzima, amepunguziwa Sh28,800 ambazo hakustahili. Ritani ndiyo itakayofichua deni hilo, na huenda likawa kubwa zaidi mapato yote mawili yakijumlishwa.

Tuseme deni ni hizo Sh28,800 na hakuwasilisha ritani kwa wakati. Asilimia 5 yake ni Sh1,440, kwa hivyo faini ya kuchelewesha ritani inabaki Sh2,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni Sh1,440. Riba ni Sh288 kila mwezi. Kimya kinagharimu.

Usidanganyike na ritani ya sufuri

Usiku wa Juni 30, njia rahisi kuliko zote ni ritani ya sufuri. Haiulizi maswali mengi na inaisha kwa dakika chache. Lakini ritani hiyo ni ya mtu ambaye hakupata mapato yoyote mwaka huo.

Mwajiriwa akiituma, anaiambia KRA kwamba hakupata hata shilingi, ilhali mwajiri wake amekuwa akipeleka PAYE kwa jina lake na PIN yake kila mwezi. Rekodi hizo mbili hazipatani, na siku moja ataitwa azieleze.

Wapo watu waliotumbukizwa humo na mhudumu wa saiba aliyetaka kumaliza foleni. Mteja analipa, anapewa karatasi ya kuthibitisha, anaenda zake akijua mambo yameisha. Kwa hiyo hata ukisaidiwa, muulize anatuma ritani gani, na usome karatasi hiyo kabla ya kutoka. Ukumbuke pia kuwa KRA haitozi chochote kwa kuwasilisha ritani. Unacholipa saiba ni kazi ya mhudumu tu. Nywila yako usimwachie, ibadilishe ukifika nyumbani.

Leo usiku ufanye nini?

Kwanza, jaribu kuingia iTax sasa hivi. Ukiwa umesahau nywila, mpya inatumwa kwa barua pepe uliyojisajili nayo. Kama barua pepe hiyo huitumii tena, hilo ndilo tatizo lako la kwanza, na halitatuliki saa tano usiku siku ya mwisho.

Pili, mwombe mwajiri fomu ya P9. Ina mshahara wako wa mwaka, makato na PAYE iliyolipwa. Kama ulibadilisha kazi katikati ya mwaka, unahitaji P9 kutoka kwa waajiri wote wawili.

Tatu, jua kama simu itakutosha. Ritani ya sufuri, na ile ya mtu mwenye mshahara pekee, hujazwa moja kwa moja kwenye tovuti. Lakini mwenye biashara, au mapato mengine juu ya mshahara, kwa kawaida hutumia fomu ya Excel ambayo simu nyingi haziiwezi. Huyo atafute kompyuta mapema.

Nne, ukipata deni na huna pesa zote, wasilisha ritani hata hivyo. Faini ya kuchelewesha ritani na faini ya kuchelewa kulipa ni mbili tofauti. Ukiwasilisha kwa wakati, umeepuka moja. Hilo lililobaki, tengeneza hati ya malipo kwenye iTax, lipa unachoweza, na uombe KRA ikubali ulipe kwa awamu.

Tano, hifadhi risiti ya uthibitisho. Bila hiyo, usijihesabu umemaliza.

Ukikosea je?

Sheria inakuruhusu kurekebisha ritani ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo aliyetuma sufuri mwaka jana kimakosa anaweza kurudi na kuweka hesabu sawa kabla hajaulizwa. Ni nafuu kujisahihisha kuliko kusahihishwa.

Kwa nini ujisumbue?

Kwa kijana anayetafuta kazi, ritani zilizolala huonekana siku asiyotarajia. Waajiri wengi na zabuni za serikali hutaka cheti cha kutimiza masharti ya ushuru, na cheti hicho hakitoki ukiwa na ritani za miaka iliyopita ambazo hujawasilisha. Kila mwaka ulioruka una Sh2,000 zake. Miaka mitano ni Sh10,000, kwa mtu ambaye huenda hakuwa na mapato yoyote na angemaliza yote kwa dakika chache kila mwaka.

Kungoja msamaha nako ni bahati nasibu. Hata ule uliofikia kikomo Juni 30, 2025 ulimtaka mtu alipe kwanza ushuru wenyewe ndipo afutiwe faini na riba.

Kwa hivyo chukua simu, ingia iTax kabla wenzako hawajaanza kusukumana huko. Haba na haba hujaza kibaba, na faini hujaa vivyo hivyo.