Pedali ya gitaa ya kujitengenezea

Pedali ya gitaa ya kujitengenezea ni kifaa kidogo cha elektroniki kinachoundwa na mpigaji au fundi mwenyewe, badala ya kununuliwa dukani, ili kubadilisha sauti ya gitaa la umeme kabla haijafika kwenye amplifaya. Hukaa sakafuni na kuwashwa kwa mguu, kwa kuwa mikono ya mpigaji ina kazi. Aina zinazojulikana zaidi ni busta (huongeza nguvu ya sauti), fazi na distosheni (hukwaruza sauti) na dilei (huleta mwangwi).

Ujuzi huu una faida kubwa mahali palipo mbali na maduka ya vyombo vya muziki. Mfano ni Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wa Rukwa, mji ulio kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko hadi Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mpigaji wa kwaya au bendi mwenye simu, mchoro wa saketi na redio mbovu anaweza kuunda pedali bila kusafiri.

Historia

Sauti ya kukwaruza ilianza kwa hitilafu. Katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, besi ilipita kwenye mtambo wenye kasoro huko Nashville, Marekani, ikatoka imekwaruzika. Mwaka 1962 pedali ya Maestro FZ-1 iliingia sokoni, na mwaka 1965 ikasikika duniani kote kupitia kundi la Rolling Stones.

Afrika nayo ina mifano yake. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi la Konono No. 1 walitengeneza vinasa sauti vya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa alama ya muziki wao, uliofahamika nje ya Kongo kwa albamu ya "Congotronics" ya mwaka 2004. Ufipa wenyewe ulijulikana zamani kwa mafundi waliojenga malungu, yaani tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma.

Jinsi inavyofanya kazi

Saketi inayomfaa anayeanza ni busta ya transista moja, kama LPB-1 ya kampuni ya Electro-Harmonix. Inahitaji betri ya volti 9, transista moja ya silikoni, rezista nne (omu 430,000, 43,000, 10,000 na 390), kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 na kitufe cha kuzungusha cha omu 100,000 cha kurekebisha sauti. Rezista mbili za kwanza huipa besi ya transista volti inayohitaji. Ukuzaji wa sauti hukadiriwa kwa kugawa rezista ya kolekta kwa ile ya emita: 10,000 ÷ 390 ni karibu mara 25. Saketi hutumia umeme wa chini ya miliampia 1, hivyo betri moja hudumu muda mrefu.

Dayodi mbili za 1N4148 zikiunganishwa sambamba, kila moja ikielekea upande wake, kati ya njia ya kutolea sauti na waya wa hasi, vilele vya wimbi vinavyozidi takriban volti 0.6 hukatwa. Huo ndio mkwaruzo. Dayodi za jemani hukata mapema zaidi, karibu volti 0.3, taa ndogo nyekundu za LED hukata karibu volti 1.7 na sauti hukwaruzika kidogo.

Kutafuta maarifa kwenye intaneti

Maelezo mengi yapo kwa Kiingereza. Njia rahisi ni kuandika jina la pedali pamoja na neno "schematic" ili kupata mchoro, au namba ya kipuri pamoja na neno "datasheet" ili kupata sifa zake.

- Tovuti ya GEOfex ya R. G. Keen hueleza kwa nini kila sehemu ya saketi ipo.
- ElectroSmash huchambua pedali maarufu, zikiwemo Tube Screamer na Big Muff, pamoja na hesabu zake.
- World Radio History huhifadhi majarida ya zamani ya elektroniki yenye miradi mingi.
- LTspice ni programu ya bure ya kujaribu saketi kwenye kompyuta. KiCad ni ya kuchora bodi.

Mchoro mmoja usiaminiwe peke yake. Inafaa kulinganisha michoro miwili au mitatu, kwani makosa hunakiliwa. Kurasa zinazohitajika zihifadhiwe kwenye simu ili zisomwe bila bando.

Vipuri

Redio mbovu hutoa rezista, kapasita na transista kama C945, C1815 na 9014. Miguu ya transista haifanani: ukitazama uso bapa, miguu ikiwa chini, C945 na C1815 huwa emita, kolekta, besi, 9014 huwa emita, besi, kolekta. Kosa hili huwafanya wengi wadhani saketi imeharibika. Mashine za karaoke huweza kuwa na chipu ya PT2399, inayotumika katika pedali nyingi za dilei.

Tahadhari

Anayeanza atumie betri, si umeme wa ukutani wa volti 230. Kapasita kubwa za televisheni na amplifaya huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Kulehemu kufanyike penye hewa ya kutosha, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa lehemu nyingi ina risasi.