Ufugaji wa wanyama wadogo kwa masomo ya sayansi

Ufugaji wa wanyama wadogo kwa masomo ya sayansi ni utunzaji wa viumbe kama kuku, sungura, simbilisi au viluwiluwi nyumbani, ili mwanafunzi ajionee mwenyewe uzazi, ukuaji na tabia za viumbe hai. Nchini Tanzania elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, kwa hiyo kazi hii kwa kawaida hufanyika baada ya saa za shule au wakati wa likizo. Vifaa ni vichache: banda, mizani ya jikoni, rula na daftari. Daftari ndilo la maana zaidi; banda zuri lisilo na kumbukumbu ni ufugaji tu.

Katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, mahali rahisi pa kuanzia ni yai la kuku wa kienyeji. Kuku huatamia kwa takriban siku 21, kanga siku 26 hadi 28. Siku ya saba, yai likimulikwa kwa tochi gizani, mishipa ya damu huonekana ikitawanyika kama mizizi kutoka kwenye nukta nyeusi. Yai lisilorutubishwa huonekana tupu. Vifaranga wasipochanjwa, kideri (pia huitwa mdondo) kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Sungura na simbilisi

Wanyama hawa wawili hufaa kufugwa sambamba, kila mmoja katika banda lake, kwa sababu tofauti zao zinafundisha kuliko mchoro wa kitabuni. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi. Anapokaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya na kutandika kiota, kisha huzaa watoto uchi, vipofu, ambao hufumbua macho wakiwa na siku 10 hivi. Simbilisi hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, lakini watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na huanza kuonja majani mapema sana. Mwanafunzi akiwapima uzito kila wiki na kuchora grafu, ataona mwenyewe kwamba muda mrefu tumboni humpa mtoto nafuu anapozaliwa.

Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Sharti apate majani mabichi kila siku. Si haki kumnyima ili kuona kitakachotokea, kwani jibu linajulikana. Jaribio la chakula lilinganishe milo miwili inayofaa, kwa mfano majani peke yake na majani pamoja na pumba za mahindi, kwa sungura wa uzao mmoja.

Wanyamapori

Mji wa Mikumi uko kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko mtoto anaweza kuokota kobe au kinda la komba na kutamani kulifuga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahitaji kibali kwa kumiliki mnyamapori, na nia ya kujifunza haiondoi kosa. Komba huchunguzwa vizuri zaidi akiwa mtini.

Viluwiluwi wa madimbwi ya masika wanaweza kuwekwa wachache kwenye beseni kwa wiki chache na kurudishwa kwenye dimbwi lilelile. Kuwahamishia kwingine kunaweza kusambaza kuvu wa ngozi anayeua vyura. Kuvu huyo alipatikana pia kwa chura wa Kihansi, kiumbe wa mkoa huohuo wa Morogoro anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2009 spishi ilitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam.

Panya

Mjini Morogoro, shirika la APOPO hushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu: panya husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula. Njia hiyohiyo huweza kujaribiwa kwa sungura nyumbani. Panya wa shambani wasikamatwe kwa kazi hii, kwani mkojo wao unaweza kuambukiza homa ya mgunda.