Vyombo vya Ibada ya Wahindu

Kwanza yafaa tutenganishe majina mawili ambayo watu huyachanganya sana. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu. Wako Waislamu, kama vile Waismailia na Mabohora. Wako Wagoa, ambao aghalabu ni Wakatoliki. Wako pia Singasinga. Wahindu wenyewe zamani waliitwa Mabaniani, nao ni wenyeji wa pwani tangu kale. Katika karne ya 19, Jairam Shivji, Mhindu wa asili ya Kachi, ndiye aliyekodi forodha ya Unguja kwa Seyyid Said.

Watu wa pwani wana methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Naona ni methali ya mtu apendaye faida ya jirani yake, asipende kumjua jirani mwenyewe. Tena kiatu hicho hakiingii hekaluni. Mhindu hukivua mlangoni.

Mtoto wa Laela akipata kufika Dar es Salaam, na apite mtaa wa Kisutu. Huko yako mahekalu ya Kihindu, na saa ya ibada atasikia kengele. Ndani huwapo sahani ya shaba iliyopangwa vitu ambavyo vingi avijua: taa, maji, maua, mchele, nazi na ubani. Asiyejua maana yake huweza kucheka, au kudhani ni uchawi. Wahunzi wa kale wa Ufipa wasingecheka. Wao, walipoyeyusha chuma katika malungu, zile tanuru ndefu za udongo, walikuwa na kikapu cha dawa, wala hawakutia kitu humo bila maana.

Ibada hii huitwa puja. Ufunguo wake ni huu: Mhindu humpokea Mungu kama apokeavyo mgeni mheshimiwa nyumbani. Mgeni hupewa maji ya kunawa, huvikwa maua, huandaliwa chakula. Kwa hiyo sanamu pia huoshwa, na siku nyingine huoshwa kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kengele ndiyo hodi. Aingiaye huipiga, na sauti yake humkumbusha kuacha nje mawazo ya soko na shamba. Maua hayanuswi kabla ya kutolewa, kwa kuwa harufu yake ni haki ya mgeni.

Taa ndicho chombo kikubwa kuliko vyote. Ni kibakuli kidogo cha udongo au cha shaba, chenye utambi wa pamba na samli ya ng'ombe. Nuru yake ni maarifa yafukuzayo giza la ujinga. Tena walimu wao hufundisha kwamba samli ni tamaa za moyo, na utambi ni kiburi. Taa inapowaka, vyote viwili huliwa pole pole. Mwisho wa ibada taa huzungushwa mbele ya sanamu, watu wakiimba. Jambo hili huitwa arati. Kisha taa hupitishwa kwa watu, na kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha usoni pake. Pengine huchomwa kafuri, ambayo huungua isibakize hata jivu. Hivyo ndivyo mtu atakavyo kiburi chake kiishe.

Nazi haioti katika nchi ya juu na ya baridi kama Ufipa, hutoka pwani. Kifuu chake kigumu hufananishwa na moyo wa mtu ajionaye. Hupasuliwa mbele ya Mungu, na ndani huonekana weupe na maji matamu. Pengine nazi haipasuliwi, bali huwekwa nzima juu ya chombo cha maji, na majani ya mwembe kuizunguka. Hiyo ni alama ya uzima na neema tele.

Mchele sharti uwe mzima, chenga hazifai. Unga mwekundu upakwao kipajini hutengenezwa kwa manjano na chokaa. Manjano ni rangi ya njano, chokaa ni nyeupe, lakini vikichanganywa na maji kidogo hugeuka vyekundu.

Je, Wahindu wote hufanya hivi? La. Wafuasi wa Arya Samaj, ambao chama chao kilianzishwa Nairobi mwaka 1903, hawatumii sanamu kabisa. Wao huwasha moto katika chombo cha pembe nne, humimina samli na kutia majani yenye harufu nzuri, huku wakisoma maneno ya vitabu vyao vya kale. Na kitabu kiitwacho Bhagavad Gita hutaja vitu vinne tu ambavyo Mungu huvipokea vikitolewa kwa upendo: jani, ua, tunda na maji. Basi maskini asiye na sahani ya shaba hana sababu ya kukaa nje.

Ibada ikiisha, chakula kilichowekwa mbele ya sanamu hugawiwa watu wote, tajiri na maskini, kwa mkono wa kuume. Huitwa prasadi, pengine ni ndizi, pengine ni kipande cha nazi ile ile iliyopasuliwa. Maua yaliyonyauka hayatupwi jaani, bali hutiwa mtoni au huwekwa penye shina la mti.