Hedhi Ikichelewa, Lililochelewa ni Yai (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi ubongo, tezi ya pituitari na ovari zinavyopelekeana homoni. Leo tuulize kwa nini hedhi ya mwanamke mwenye afya huja mapema mwezi huu na kuchelewa mwezi ujao. Rai yangu ni kwamba wengi huitafuta hitilafu katika mji wa mimba, ilhali mambo huamuliwa wiki kadhaa kabla ya damu kutoka. Mzunguko una nusu mbili zenye tabia tofauti. Yai likishatoka, kifuko lilimokuwa hugeuka tezi ya muda inayotoa projesteroni. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunyauka, na kwa kawaida hedhi huanza baada ya siku 12 hadi 14. Nusu hiyo haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni ya kwanza, yai linapokuwa bado linakomaa. Ndiyo maana Ogino wa Japani na Knaus wa Austria, katika miaka ya 1920, walikadiria siku ya yai kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14. Mwenye wa siku 35, karibu na siku ya 21.

Yai huchelewa kwa sababu nyingi, na nyingi huanzia ubongoni. Mwili usiopata chakula cha kutosha, mazoezi makali kupita kiasi, msiba, maradhi mazito: yote haya huweza kupunguza amri zinazoshuka kwenye ovari. Homoni ya kutengeneza maziwa hufanya vivyo hivyo kwa anayenyonyesha. Tezi ya shingo ikizidi au kupungua kazi, mzunguko huyumba. Wengine ovari zao hujaa vifuko vidogo ambavyo havifiki hatua ya kuachia yai, na miezi hupita bila hedhi. Kwa msichana aliyevunja ungo juzijuzi, mzunguko wa hata siku 45 si ajabu. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huzuia yai kwa makusudi, na baada ya kuiacha uzazi huweza kukawia miezi kadhaa kurejea.

Msomaji atasema: mbona wengine hutoka damu kila baada ya wiki mbili? Si kila damu ni hedhi. Uvimbe katika mji wa mimba, maambukizi, hata saratani ya shingo ya kizazi, hutoa damu isiyofuata yai lolote, na hiyo yahitaji vipimo. Wapo pia wanaosema kalenda iliwatosha mama zao kupanga uzazi. Pengine, lakini utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa Uingereza mwaka 2000 uliona kuwa kwa wanawake takriban 30 tu katika 100 siku za kushika mimba huangukia zote kati ya siku ya 10 na ya 17. Dawa za “kusafisha kizazi” ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mtu amechelewa wiki mbili, anakunywa, damu inatoka, dawa inasifiwa. Ila damu hiyo ilikuwa njiani. Na kama ni mimba, huenda ameihatarisha pamoja na maisha yake. Kwa hiyo kipimo cha mimba kitangulie kila kitu, na ikipita miezi mitatu bila hedhi wala mimba, uende hospitali. Wiki ijayo tutaangalia vipimo ambavyo daktari huagiza huko.