Vinundu vya usoni: usikate, usichome



Jumapili moja baada ya Misa hapa Bendera mama mmoja alinivuta pembeni ya kanisa. "Shikamoo mama. Naomba umwangalie huyu." Mtoto alikuwa wa darasa la tatu. Puani na kwenye mashavu yote mawili alikuwa na vinundu vidogo vigumu, vyenye kung'aa, kama punje za mtama. Chini ya jicho moja ngozi ilikuwa imebabuka. Bibi yake alimpaka utomvu wa mnyaa, kwa kuwa wengine walisema ni sunzua, wengine chunusi, na jirani mmoja alisema mengine ambayo sitayaandika katika gazeti la jimbo. Mama ameniruhusu kuyaeleza haya bila kutaja jina.

Sikumlaumu bibi, wazee wetu wamepaka mnyaa kwenye sunzua za mikononi tangu zamani. Lakini utomvu ule ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Ikitokea hivyo, osha jicho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha wahi hospitali.

Nilimwuliza mama maswali matatu. Vilianza lini? Alipokuwa na miaka mitano. Hapo nikaanza kushuku kuwa si chunusi, maana chunusi kwa kawaida hungoja balehe, tena huwa na vichwa vyeusi na usaha. Je, ana mabaka meupe mwilini? Tukamfunua mgongo: mabaka matatu, yenye umbo la jani. Swali la tatu niliuliza kwa sauti ya chini: je, huanguka? Mama akatazama chini. "Ndiyo mama. Tangu akiwa mdogo sana."

Vinundu, mabaka na kifafa vikikutana kwa mtoto mmoja, tunafikiria ugonjwa wa nadra uitwao tuberasi sklerosisi. Daktari Bourneville wa Ufaransa aliueleza mwaka 1880. Mtoto huzaliwa nao. Hauambukizi kwa kugusana wala kwa kula sahani moja. Mara nyingi wazazi hawana dalili yoyote, lakini mzazi aliye nao anaweza kumrithisha, na kwa kila mimba uwezekano ni nusu kwa nusu. Vile vinundu ni vishipa vya damu na nyuzi za ngozi zilizozidi kukua. Si kansa. Kinachotutia wasiwasi ni vya ndani, kwa sababu vivimbe vya namna hiyo huweza kuota kwenye ubongo na figo. Kwa hiyo uso wa mtoto yule ulikuwa unatupa habari za figo zake, na sisi tulikuwa tunaubabua.

Si kila kinundu ni hicho, nacho ni cha nadra kweli. Vile vidoadoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni kwa watu wazima, ambavyo wengi wetu tunavyo (na mimi ninavyo), havina madhara. Ukivichoma utabaki na mabaka mabaya kuliko hivyo vyenyewe. Ziko pia koo ambazo watoto wakikua huota vinundu vya rangi ya ngozi kandokando ya pua. Hivyo hutoka kwenye shina la nywele na navyo si kansa, ila kwa macho vyaweza kufanana nayo. Vinundu vya masikioni na usoni pamoja na mabaka yasiyo na hisia vyaweza kuwa ukoma, na dawa zake hutolewa bure. Uvimbe wa zambarau puani waweza kuwa kansa ya Kaposi. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, kinundu kinachokua haraka au kinachotoka damu chenyewe, kisingoje. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kidonda chochote cha usoni kionwe mapema.

Basi tunatofautishaje? Kwa kuangalia, kwa kuuliza, na penye shaka kwa kukata kipande. Daktari hudunga ganzi, hukata kipande kidogo, hukitia ndani ya fomalini, nacho hupelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Hapa nina neno: nimekwisha kuona uvimbe uliokatwa vizuri kabisa, kisha ukatupwa ndooni! Ukikatwa uvimbe wowote, uliza, "Kipande changu kinapelekwa wapi?" Una haki hiyo.

Mkoani kwetu tumejaliwa. Pale KCMC Moshi kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho hufundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mtoto wetu alipelekwa huko. Alipigwa ultrasaundi ya figo, akarekebishiwa dawa za kifafa, nazo asiziache hata siku moja. Vinundu vyenyewe huweza kupunguzwa kwa umeme au leza, ingawa huweza kurudi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka ya sirolimasi kwa vinundu hivi; asili yake ni kijidudu cha udongoni kutoka Kisiwa cha Pasaka, mbali kabisa baharini. Usitegemee kuikuta katika duka la dawa la Ndungu. Na zile krimu za kung'arisha uso zinazouzwa gulioni haziondoi vinundu hivi, huharibu ngozi tu.

Mwenye mtoto wa namna hii aanzie zahanati au kituo cha afya apewe barua ya rufaa, kwani nauli ya Moshi si ndogo na kurudishwa mlangoni kunauma. Aandike siku ambazo mtoto ameanguka na muda aliokaa chini. Achukue pia tyubu ya dawa aliyokuwa akimpaka, hata kama imekwisha, maana daktari ataiuliza.