DOROTHY KILGALLEN NA SIRI YA CHUMBA CHA JAJI

Ndugu msomaji, hebu jiulize. Ikiwa riziki yako ni kufunua yale ambayo wengine wameyafunika, kisha ukasikia neno moja linaloweza kumfaa mtu aliye kizimbani, je, utalisema siku hiyo hiyo, ama utalifungia moyoni? Swali hilo lilimkabili Dorothy Kilgallen, mwandishi mashuhuri wa Marekani, na jinsi alivyolijibu ni jambo linalostahili kuzungumzwa katika kila nyumba inayosoma magazeti.

Dorothy alizaliwa mjini Chicago tarehe 3 Julai 1913. Maji hufuata mkondo: baba yake, James Kilgallen, alikuwa mwandishi wa habari, na jamaa nzima ilihama mji hadi mji kuifuata kazi yake mpaka ikatua Brooklyn, New York. Binti huyo hakukaa sana chuoni. Mwaka 1931, akiwa bado hajatimiza hata miaka ishirini, aliingia katika gazeti la New York Evening Journal. Zama hizo wanawake wengi magazetini walipewa kurasa za mapishi na mavazi. Dorothy alipelekwa mahakamani, kwenye kesi za mauaji. Mwaka 1935 alikuwa Flemington, jimbo la New Jersey, akiandika habari za kesi ya Bruno Hauptmann, aliyeshtakiwa kwa kumuua mtoto mchanga wa rubani Charles Lindbergh.

Mwaka uliofuata jina lake lilienea zaidi. Waandishi watatu wa magazeti ya New York walishindana kuizunguka dunia kwa vyombo ambavyo abiria yeyote angeweza kukata tikiti. Wawili walikuwa wanaume, wa tatu alikuwa yeye. Waliondoka wote kwa Hindenburg, kile chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, ambacho kiliteketea kwa moto mwaka 1937. Mshindi alikuwa Bud Ekins, aliyetumia siku kumi na nane na ushei. Dorothy alirejea wa pili kwa siku 24. Hakushinda, lakini alirudi na kitabu.

Novemba 1938 alikabidhiwa safu yake mwenyewe, iliyoitwa Sauti ya Broadway, akaiandika mpaka kufa kwake. Humo aliandika nani kaonekana na nani, ndoa gani inayumba, mchezo gani wa jukwaani umedoda. Magazeti mengi ya miji mingine yaliinunua na kuichapa. Tusimpake mafuta, msomaji: kalamu hiyo iliwachekesha wengi, na wengine iliwaumiza. Mwaka 1940 aliolewa na Richard Kollmar, mwigizaji na mtayarishaji wa michezo ya jukwaani, wakajaliwa watoto watatu. Kuanzia 1945 hadi 1963 mume na mke walikuwa na kipindi cha redio walichokitangaza kutoka nyumbani kwao, mezani pa kifungua kinywa.

Kisha ikaja televisheni. Tarehe 2 Februari 1950 shirika la CBS lilianzisha mchezo uliouliza, “Kazi yangu ni ipi?” Mgeni huingia, huandika jina lake ubaoni na kuketi. Wanajopo wanne humwuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo tu, wapate kuitambua kazi anayoifanya. Kila “siyo” humpatia mgeni dola 5, na zikifika kumi mchezo umekwisha. Mgeni akiwa mtu maarufu, wanajopo hufungwa vitambaa machoni. Dorothy alikuwamo katika jopo tangu usiku wa kwanza, na kwa miaka kumi na mitano watazamaji walimwona humo. Wenzake walicheza ili kufurahisha watu. Yeye alicheza ili ashinde, akihoji hatua kwa hatua kama wakili.

Sasa tufike kwenye siri yenyewe. Tarehe 4 Julai 1954, karibu na mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marilyn Sheppard, mama mja mzito, aliuawa nyumbani kwake. Mumewe, Daktari Sam Sheppard, alishtakiwa. Magazeti ya mji huo yalikwisha kumhukumu kabla kesi haijaanza. Jaji Edward Blythin naye alikuwa akigombea kurudishwa katika kiti chake, na uchaguzi ulikuwa wiki chache tu mbele. Kesi ilipofunguliwa, jaji alimwita Dorothy chumbani kwake, akamwuliza kilichomleta kutoka New York. Dorothy alijibu kwamba kesi hiyo ni fumbo, haijulikani nani aliyeua. Jaji akamwambia hapana fumbo lolote, mtu huyo ana hatia bila shaka. Wakati huo hakuna shahidi hata mmoja aliyekwisha kusikilizwa.

Desemba mwaka huo Sheppard alitiwa hatiani, akafungwa maisha. Dorothy aliandika waziwazi kwamba ushahidi haukutosha. Lakini maneno ya jaji hakuyaandika.

Wapo watakaomtetea, na hoja wanayo. Jaji alizungumza naye faraghani, na mwandishi anayevunja ahadi ya faragha hufungiwa milango yote. Lakini yupo pia mtu aliyekuwa akihesabu siku nyuma ya nondo, na mwana wake mdogo akikua bila mama wala baba. Jaji Blythin alifariki mwaka 1958, na bado ikapita miaka mingine. Ni mwaka 1964 ndipo Dorothy alipoyasema mbele ya waandishi wenzake, na wakili wa Sheppard akachukua maelezo yake. Julai mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho alimwachilia mfungwa, na miongoni mwa sababu alizotoa ni shaka juu ya uadilifu wa jaji wa kwanza. Mwaka 1966 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba Sheppard hakutendewa haki. Kesi ikasikilizwa upya, naye akaonekana hana hatia. Alikuwa amekwisha kukaa gerezani karibu miaka kumi.

Mwaka huo huo wa 1964 Dorothy alifuatilia kesi ya Jack Ruby mjini Dallas, yule aliyempiga risasi Lee Harvey Oswald, aliyetuhumiwa kumuua Rais Kennedy. Safari hii hakungoja. Mwezi Agosti alichapisha maelezo ya Ruby mbele ya tume ya uchunguzi kabla serikali haijayatoa. Makachero walipomwuliza aliyempa karatasi hizo, alikataa kumtaja.

Usiku wa Jumapili, 7 Novemba 1965, aliketi joponi kama kawaida. Kesho yake alikutwa amekufa nyumbani kwake New York, akiwa na miaka 52. Daktari wa serikali alieleza kwamba kifo kilitokana na pombe pamoja na dawa za usingizi, na kwamba mazingira yake hayakuweza kuthibitishwa. Mengi yamezushwa tangu hapo. Sisi tushike lililoandikwa.

Basi, msomaji, tupime wenyewe. Kumlinda aliyekuamini ni wajibu, na Dorothy aliutimiza mbele ya makachero. Lakini siri yampasa nani? Yule mtu dhaifu anayekunong'oneza jambo kwa hofu ya wakubwa, huyo astahili kufichwa. Mkubwa anayekunong'oneza kwamba amekwisha kuamua hatima ya mtu kabla ya kumsikiliza, huyo hakukupa siri bali amekushirikisha dhuluma. Wafundisheni watoto tofauti hiyo mapema. Si kazi ya waandishi peke yao: karani ofisini, mwuguzi wodini, msimamizi kiwandani, wote husikia maneno nyuma ya milango iliyofungwa, na mara nyingi kuna mtu nje anayeyangoja.