Pete, Kitanzi na Akiba: Dhana za Msingi za Itifaki za Pete katika Mitandao ya Itheneti

1.0 Utangulizi

Neno la kila siku linapoingizwa katika uwanja wa kitaalamu hubeba maana zake za awali, na maana hizo zaweza kusaidia au kupotosha. Makala haya yanafafanua dhana za msingi za itifaki za pete katika mitandao ya swichi za Itheneti. Yanadai kuwa itifaki hizo hazieleweki vyema mpaka dhana tatu zinazokaribiana zitenganishwe: akiba, pete na kitanzi.

2.0 Akiba

Katika mazungumzo ya kawaida, kitu cha ziada ni kile kinachoweza kuondolewa bila hasara. Katika mtandao, kinyume chake, njia ya pili huwekwa ili itumike siku ile ya kwanza itakapokatika. Kwa hiyo istilahi ‘akiba’ inaibeba dhana hii vizuri kuliko ‘ziada’. Swichi zikiungwa kwa mstari, waya mmoja ukikatika huugawa mtandao mapande mawili. Ukiongezwa waya mmoja tu kati ya swichi ya kwanza na ya mwisho, hupatikana pete, na kila swichi huwa na njia mbili za kuifikia nyingine. Unafuu huo ndio unaofanya pete ipendwe viwandani na katika vituo vya umeme.

3.0 Pete na Kitanzi

Pakiti ya IP ina hesabu inayopunguzwa katika kila ruta, nayo hutupwa hesabu hiyo inapokwisha. Fremu ya Itheneti haina hesabu ya namna hiyo. Katika pete iliyoachwa wazi, fremu iliyokusudiwa vituo vyote huzunguka bila kikomo, nakala huongezeka, na majedwali ya anwani huvurugika kwa kuwa anwani ileile huonekana kutokea milango miwili. Hiyo ndiyo dhoruba ya matangazo. Basi pete ni umbo la nyaya, ilhali kitanzi ni mzunguko wa fremu usio na mwisho. Kazi ya itifaki ni kuihifadhi pete na kukizuia kitanzi.

4.0 Utendaji

Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni mbinu ya kuugeuza mtandao wa umbo lolote kuwa mti usio na kitanzi. Mbinu hiyo ilisanifishwa na IEEE mwaka 1990. Hata hivyo, kurejea kwa mawasiliano kuliweza kuchukua sekunde 30 hadi 50. Itifaki za pete hufupisha muda huo kwa sababu umbo la mtandao linajulikana tangu mwanzo.

Katika itifaki ya MRP, swichi moja ni msimamizi. Hutuma fremu za majaribio pande zote mbili. Zikirudi, pete ni nzima, na mlango wake mmoja hufungwa kwa fremu za data. Zisiporudi, huufungua mlango huo na kuziagiza swichi nyingine zifute majedwali ya anwani, kwa kuwa njia za zamani si za kweli tena. Pete yaweza kuwa na swichi 50, na muda wa juu wa kurejea, kutegemea mpangilio, ni milisekunde 500, 200, 30 au 10. Katika ERPS, iliyosanifishwa na ITU mwaka 2008, swichi zilizo jirani na mkato ndizo hutoa taarifa, na lengo ni milisekunde 50. HSR haifungi njia yoyote: kila fremu hutumwa pande zote mbili, na mpokeaji huchukua inayotangulia. Hakuna muda wa kurejea, lakini uwezo wa pete hutumika maradufu.

5.0 Hitimisho

Pete ya kawaida huvumilia mkato mmoja tu. Hatari yake kubwa ni kwamba mkato huo hausikiki: kazi huendelea, mtumiaji haoni badiliko, na akiba imekwisha kutumika. Mkato wa pili ukitokea, mtandao hugawanyika. Kwa hiyo itifaki isiyoambatana na mfumo wa kutoa tahadhari huahirisha hitilafu tu. Kwa mwanaistilahi, funzo ni hilohilo: anayeiita akiba ‘ziada’ humfundisha fundi kwamba upotevu wake si kitu.